Pingili za miwa: mnalaza au mnasimika? Mimi nimelaza, nusu ya shamba ni mapengo

#1 Kijana_wa_Luiche
Wakuu, habari za jioni.

Nina nusu eka bonde la Luiche, huku Kigoma. Miaka yote nalima mpunga, mwaka huu nikasema niweke miwa kwa sababu kila mwenye mashine ya juisi pale Mwanga na Ujiji analalamika miwa haimtoshi.

Nilipanda katikati ya Oktoba, mvua za kwanza. Nilichimba mifereji, nikalaza pingili (vile vipande vya muwa vya kupandia) zikagusana mwanzo hadi mwisho, nikafukia vizuri. Mvua ikanyesha, ikakata wiki mbili na ushee, ikarudi. Leo ni katikati ya Desemba. Nikipita mstarini naona chipukizi tatu, halafu hatua nne hamna kitu, chipukizi moja, halafu hamna tena.

Jirani yangu ni mzee, tumetenganishwa na mtaro tu. Kapanda wiki ile ile. Yeye hakulaza, alichomeka pingili mshazari, kichwa nje, kama unavyopanda muhogo. Zake zimeota mpaka kero. Jana kanipitia akaniambia, "Nyinyi vijana mnazika miwa, sisi tunaipanda." Nimelala na hilo neno.

Swali: ni kulaza ndiko kulikoniponza au kuna lingine? Na hayo mapengo nafanyaje?

#2 Reli_ya_Kati
Siti ya mbele. Ngoja waje wajuzi.

#3 JembeKali
Mkuu, kulaza hakuna kosa. Ukienda mashamba ya viwanda vya sukari, Kilombero, Mtibwa, Kagera au TPC kule Arusha Chini, wote wanalaza. Hakuna anayesimika muwa mmoja mmoja kwenye maelfu ya hekta. Kosa liko kwenye kufukia. Umefukia kina gani?

#4 Bibi Manyovu
Sisi huku Manyovu tunachomeka, mama zetu walichomeka na bibi zetu walichomeka. Muwa unataka kuona jua. Ukiufunika wote unaoza, hasa udongo wa bondeni unaoshika maji. Hao wa viwandani wana matrekta, wewe una jembe.

#5 Kijana_wa_Luiche
@JembeKali mfereji ulifika karibu na kiwiko. Niliambiwa muwa unataka mizizi ipate kina ili usianguke. Nikarudishia udongo wote.

#6 JembeKali
Basi mzee wako kasema kweli, umezika. Mfereji unaweza kuchimba sentimita 20 mpaka 30, sawa kabisa. Lakini udongo wa kufunika pingili uwe kama sentimita 5 tu. Mfereji unabaki wazi. Chipukizi zikishakua ndiyo unarudishia udongo kidogo kidogo kila unapopalilia, mwisho unapandishia tuta. Kina anakipata hivyo, wakati ameshaota. Wewe umempa mtoto mchanga ngazi ya ghorofa tatu.

#7 Mchwa_Hana_Huruma
Mnazungukazunguka. Neno ni moja: MCHWA. Mvua ilipokata wiki mbili mchwa walikuwa wanatafuta maji, na pingili ni chupa ya maji yenye sukari. Mimi nilipanda Uvinza mwaka juzi, pingili 10 ukizifukua 6 ni maganda matupu, ndani udongo. Pingili zilizosimama zinapona kwa sababu mchwa akila chini, jicho la juu limeshatoa chipukizi na mizizi yake.

Fukua uone. Kabla hujafukua kila mnachosema hapa ni ramli.

#8 Afisa_Bila_Pikipiki
Nipo kwenye ugani, wilaya siitaji. Niweke mambo mawili matatu.

Kila fundo la muwa lina jicho moja na duara la vidoti. Vile vidoti ndiyo mizizi ya kwanza. Ukipanda, pingili inatoa mizizi hiyo ya muda na jicho linachipua kwa kula akiba iliyoko ndani ya pingili. Chipukizi linakaa wiki kadhaa likitegemea mama kabla halijatoa mizizi yake lenyewe. Kwa hiyo kuna miwa inaota kabisa, unaiona, halafu inakauka: akiba imekwisha, mizizi yake haijashika na udongo umekauka. Mleta uzi kasema mvua ilikata zaidi ya wiki mbili. Mimi ningeanzia hapo kabla ya kulaumu mchwa au kina.

Kuhusu kulaza na kuchomeka, wote #3 na #4 mko sahihi kwa udongo wenu. Penye maji mengi, pingili ya mshazari inaokoka kwa sababu jicho la juu linapata hewa. Pakavu, iliyolazwa inaokoka kwa sababu yote iko kwenye unyevu, ile ya mshazari kichwa kinakauka.

Na ukilaza, macho yaangalie ubavuni. Macho yamepishana kushoto na kulia, kwa hiyo ukiipindua pingili vizuri hakuna jicho linaloangalia chini. La chini linaota kwa taabu.

#9 Reli_ya_Kati
Afisa mzuri kumbe mpo, ila mkija kijijini mnatuletea fomu tu.

#10 Afisa_Bila_Pikipiki
@Reli_ya_Kati soma jina langu tena.

#11 Asali_ya_Sikonge
Hahaha #10.

Natokea Tabora. Kwa hoja ya Afisa, kama ukavu ndio ulioua basi za jirani ya mshazari ndizo zingetangulia kufa. Yeye mwenyewe kasema kichwa kinakauka pakavu. Sasa mbona za mzee zimepona na za kijana zimekufa, udongo mmoja, mvua moja? Afisa umejifunga bao.

#12 Afisa_Bila_Pikipiki
Umenishika kidogo. Lakini "udongo mmoja" ni maneno ya mleta uzi. Mtaro unatenganisha. Upande upi uko chini?

#13 Kijana_wa_Luiche
Upande wa mzee uko chini kidogo, karibu na mto. Wangu ni kama mita 40 kupanda juu.

#14 Wakili_wa_Kijiji
Samahani kuingilia. Mzee wako yuko umbali gani kutoka kingo za mto? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Miwa inakaa miaka, si mchicha.

#15 Mchwa_Hana_Huruma
Huyu naye. Tunaongelea mapengo, analeta polisi.

#16 Dada_wa_Mashine
Mimi ni mnunuzi, nina mashine ya juisi mjini Kigoma, basi nisaidie upande wangu. Kijana, mbegu ulitoa wapi? Kwa sababu kuna kijana alikuja kwangu Oktoba kuuliza miwa ya mbegu nikamuelekeza kwa anayeniuzia.

#17 Kijana_wa_Luiche
Dada, inawezekana ndiye mimi 😂 Nilinunua miwa mizima. Nikachagua minene yenyewe, iliyokomaa, tena nikakata sehemu ya chini na ya kati kwa sababu ndiyo ina nguvu. Vile vichwa vyembamba vya juu nilimwachia ng'ombe wa mtu. Nikakata pingili za macho sita sita ili zisiwe na haraka ya kukauka.

#18 JembeKali
🤦🏾

#19 Dada_wa_Mashine
Na mzee jirani yako nadhani namjua. Kuna mzee kila wiki anakuja kwangu kuokota vichwa. Sisi tunavikata tunavitupa, havina utamu, vinaharibu juisi. Anafunga mzigo anaondoka. Hajawahi kunilipa hata mia. Nilidhani anapelekea mbuzi.

#20 Afisa_Bila_Pikipiki
Uzi umebadilika hapa.

Mbegu ya muwa nzuri ni muwa mchanga wa miezi 8 mpaka 10, na sehemu ya juu ndiyo inayoota haraka. Macho ya juu ni machanga na yana unyevu mwingi. Macho ya chini yamezeeka, mengine yamekauka au yamevunjika, na pale chini sukari imeshakuwa sukari hasa, jicho linachelewa kuitumia. Muwa mtamu kwa meno siyo mbegu nzuri kwa shamba. Kijana alinunua chakula akapanda, mzee aliokota mbegu bure.

Jambo la pili, macho sita. Muwa una tabia ya mkubwa kumkandamiza mdogo. Jicho lililo karibu na ncha likiamka linawatuma wenzake wa nyuma walale. Ukipanda muwa mrefu, yanaota moja au mawili ya mbele, mengine yanasubiri mpaka yanaoza. Ndiyo maana tunasema macho 2 au 3. Chipukizi tatu halafu hatua nne hamna, huo ndio mchoro wake.

#21 Bibi Manyovu
Afisa leo umeongea. Lakini sisi hatukuwahi kuhesabu macho na miwa iliota.

#22 Mzee_Kaliua
Nimesoma kuanzia juu. Nina umri wa kutosha na nimelima tumbaku miaka mingi huku Kaliua, miwa nimeweka mbugani pembezoni mwa majaruba ya mpunga. Namrekebisha Afisa kidogo, kwa heshima.

Pingili fupi zina hasara yake. Kila unapokata unafungua mlango, na ugonjwa unaingilia penye kidonda. Pingili ya macho sita ina vidonda viwili kwa macho sita. Ukikata mbili mbili, vidonda sita kwa macho yale yale. Mimi msimu mmoja nilikata za macho mawili mawili, zikaoza mbugani karibu zote. Nikarudi kwenye manne. Sasa huyo mkubwa kumkandamiza mdogo sijui, lakini kuoza nilikuona.

#23 Afisa_Bila_Pikipiki
Shikamoo mzee. Ni kweli kabisa, upo ugonjwa wa kuozesha pingili, ni kuvu wa kwenye udongo anayepitia kwenye mkato. Ndani panakuwa pekundu halafu peusi, na panatoa harufu ya nanasi lililoiva sana. Anashambulia pingili inayochelewa kuota: kina kirefu, baridi, maji yaliyotuama, au ukavu. Dawa yake kubwa ni kuhakikisha inaota upesi. Viwandani wanachovya kwenye dawa ya kuvu kabla ya kupanda.

#24 Mzee_Kaliua
Marahaba. Basi tuko pamoja, ila mimi nabaki na manne.

#25 Pingili_Tatu
Na mimi nabaki na tatu, jina langu lenyewe linasema.

Jamani kuna huu upandaji wa miche mbona hakuna anayeuongelea? Wahindi wanaupigia debe tangu 2009. Unachonga jicho moja na kipande kidogo cha ganda, unaotesha kwenye trei au viroba kitaluni, siku 25 mpaka 35 unapeleka shambani mche wenye mizizi. Nafasi futi 5 mstari kwa mstari, futi 2 mche kwa mche. Hakuna pengo kwa sababu ambao haukuota umeubakiza kitaluni. Muwa uliobaki baada ya kuchonga macho unaukamua juisi.

Hesabu: eka ni 70 kwa 70. Mistari ya mita 1.5 ni kama 46, kila mmoja mita 70, jumla mita 3,220. Kwa pingili za sentimita 40 zikigusana unataka pingili 8,050. Kwa miche ya sentimita 60 unataka 5,400 hivi. Na pingili 8,050 za macho matatu ni macho elfu 24! Miche ni macho elfu tano na ushee tu. Nani hapendi kuokoa mbegu?

#26 Wakili_wa_Kijiji
Eka siyo mita 70 kwa 70. Ni HATUA 70. Eka ni mita za mraba 4,047, sawa na mita 63.6 kwa 63.6. Wewe umelima mita za mraba 4,900, umemwibia jirani.

#27 Pingili_Tatu
Sawa wakili. Basi mistari 42, jumla mita 2,670, pingili kama 6,700 na miche kama 4,450. Hoja iko pale pale.

#28 Asali_ya_Sikonge
Hoja iko pale pale mpaka siku ya kumwagilia. Mche wa siku 30 ukiuweka shambani Tabora mvua ikakata siku tano, umekwisha. Pingili ikifukiwa inaweza kuvumilia, ina akiba yake. Mimi nilijaribu miche 300 kwenye viroba vya maziwa. Kitaluni iliota 260 na kitu, nikatembea kifua mbele. Shambani ilibaki 90. Nilikuwa nabeba maji kwa baiskeli kutoka kisimani mpaka mke wangu akauliza kama hao ni watoto wangu wa nje.

Mbinu ya Wahindi inataka bomba la Wahindi.

#29 Pingili_Tatu
Ulipeleka mwezi gani?

#30 Asali_ya_Sikonge
Mwishoni mwa Novemba. Mvua zilikuwa zimeanza.

#31 Pingili_Tatu
Ungesubiri Desemba. Na ulikata majani? Mche ukihamishwa unapunguziwa majani ili usipoteze maji.

#32 Asali_ya_Sikonge
Sikukata. Hili ndilo nalisikia leo. Asante, japo 170 na kitu zimeshakufa.

#33 Reli_ya_Kati
Mnisaidie kitu kingine kabisa. Ni mua au muwa? Huu uzi mnaandika muwa, mwalimu wangu alikuwa ananichapa.

#34 Wakili_wa_Kijiji
Mua, miwa. Lakini ukisema mua huku Urambo wanakusikia kama unataka kuua mtu. Andika utakavyo.

#35 Mchwa_Hana_Huruma
Narudi. Bado hamjanijibu kuhusu mchwa. Vichwa, macho, vidonda, Wahindi, eka. Kijana, UMEFUKUA?

#36 Kijana_wa_Luiche
Kesho asubuhi wakuu, nitafukua. Mnaoweka majivu dhidi ya mchwa, yanasaidia kweli?

#37 Bibi Manyovu
Majivu yanasaidia. Weka mengi kwenye mfereji, na majani ya mwarobaini yaliyopondwa.

#38 Mchwa_Hana_Huruma
Majivu yanasaidia mpaka mvua ya kwanza kubwa. Baada ya hapo mchwa anayatembelea kama vumbi la barabara ya Nguruka kabla ya lami. Mimi kilichonisaidia ni kuchimba kichuguu mpaka kwa malkia, vichuguu vitatu kuzunguka shamba. Na kuacha majani makavu juu ya udongo ili wale hayo kwanza.

#39 JembeKali
Hilo la mwisho wengine wanasema linawaita zaidi.

#40 Mchwa_Hana_Huruma
Wengine wanasema. Mimi nimefanya.

#41 Mzee_Kaliua
Wote wawili mna haki. Ukiwa na majani tele wanakula majani. Yakiisha wameshajenga kwako, wanahamia kwenye miwa. Usiache yaishe.

Na kijana, huku kwetu kuna jingine, kiduha. Yale maua ya waridi au mekundu yanayotoka kwenye mahindi na mtama. Linashika na miwa pia, linanyonya kwenye mizizi. Shamba lililokuwa na mahindi yenye kiduha usiweke miwa ukadhani umelikimbia.

#42 Kasulu_Kwetu
Niongeze kesi ya kwangu ili mcheke. Nilisoma mahali kwamba mbegu inachovywa kwenye maji ya moto kuua ugonjwa. Nikachukua pipa, nikawasha kuni, nikatumbukiza pingili. Nikaondoka kwenda kanisani. Niliporudi maji yanatokota. Nilipanda hivyo hivyo kwa matumaini. Hakuota hata mmoja. Jirani zangu mpaka leo wananiita Mpishi.

#43 Afisa_Bila_Pikipiki
Mpishi 😂😂

Pole. Joto ni nyuzi 50 kwa saa 2, ni kwa ugonjwa wa kudumaza machipukizi ya msimu wa pili na kuendelea. Ugonjwa huo hauuoni kwa macho, unaona tu kila ukivuna yanayochipuka yanapungua unene. Unasambazwa na mbegu na panga. Lakini joto likipanda nyuzi tatu nne unaua macho, kwa hiyo ni kazi ya tangi lenye kidhibiti joto, siyo pipa na kuni. Kwa mkulima wa kawaida ni kuchagua mbegu kwenye shamba safi na kusafisha panga kwa moto au jiki unapohama shamba.

Ndiyo maana vichwa vya kuokota sokoni vina hatari yake. Hujui vimetoka shamba gani. Mzee leo anacheka, msimu wa tatu tutamuuliza. Na akiona muwa umetoa mjeledi mweusi juu kama kiboko chenye masizi, aung'oe na shina lake lote, autie kwenye mfuko kabla haujapukuta, akachome.

#44 Bibi Manyovu
Afisa una wivu na mzee wa watu.

#45 Dada_wa_Mashine
Mimi sitaki kujua ugonjwa, nataka kujua mtaniletea miwa gani. Mnaongelea tani, tani ni za viwandani. Mimi nanunua kwa mmoja mmoja. Muwa mgumu wa kiwandani unavunja meno ya mashine, na wateja wa kutafuna wanaukataa. Nataka laini, mnene, wa maji, aina ya bungala. Ukiongeza mbolea ya Urea mwishoni muwa unanenepa lakini juisi inakuwa maji matupu, nalazimika kuzidisha ndimu na tangawizi ili mteja asigundue.

#46 JembeKali
Dada kasema jambo. Urea mwisho mwezi wa nne au wa tano tangu kupanda, na udongo uwe na unyevu. Ukizidisha baadaye muwa unaendelea kukua badala ya kuweka sukari. Hata viwandani wakulima wa nje wanaowauzia miwa hawalipwi uzito peke yake, wanapimwa na sukari iliyomo.

#47 Kasulu_Kwetu
Dada, kumbe ile ndimu yote ni kuficha? Nimekunywa miaka minne nikidhani ni ufundi.

#48 Dada_wa_Mashine
Ni ufundi pia.

#49 Reli_ya_Kati
Na ndezi? Hakuna aliyetaja ndezi. Ndezi anakula miwa kuliko Dada wa Mashine.

#50 Mzee_Kaliua
Ndezi ni mboga, siyo tatizo. Fyeka pembezoni asipate pa kujificha, tega, karanga za kusaga, kitunguu.

#51 Kasulu_Kwetu
Huyu ndiye aitwe Mpishi.

#52 Kijana_wa_Luiche
Wakuu, mrejesho. Nimefukua pingili 10 sehemu zenye mapengo, nikampeleka na mzee jirani awe shahidi.

Nne zimeliwa na mchwa, ganda tu.
Tatu zimeoza, ndani nyekundu inayoelekea weusi.
Tatu nzima kabisa. Zina jicho moja la mwisho limetoa kidole kama sentimita 10, jeupe, halijafika juu. Mengine ya nyuma yamelala. Kutoka pingili mpaka juu ya udongo ni kiganja na nusu.

#53 Mchwa_Hana_Huruma
NNE. Nilisema.

#54 JembeKali
Kiganja na nusu! Hicho ni kina. Kidole cheupe kimechoka njiani. Nilisema tangu #3.

#55 Afisa_Bila_Pikipiki
Jicho la mwisho tu limeamka, ya nyuma yamelala. #20, aya ya mwisho.

#56 Mzee_Kaliua
Na tatu zilizooza je? Au hizo hamzihesabu?

#57 Asali_ya_Sikonge
Mchwa hawezi kuwa wa kwanza. Mchwa anapenda kilichokwisha kufa. Inawezekana zile nne zilioza kwanza, mchwa akaja kusafisha.

#58 Mchwa_Hana_Huruma
Njoo Uvinza nikuonyeshe mchwa anavyokula kilicho hai, utarudi Sikonge bila soli.

#59 Bibi Manyovu
Mwanangu, mzee alisema nini alipoona?

#60 Kijana_wa_Luiche
Mama, mzee aliangalia zote kumi, akachukua moja nzima akaitikisa udongo, akasema, "Hii ungeichomeka mshazari ingekuwa inakuangalia sasa." Akaondoka.

#61 Pingili_Tatu
Mzee hana muda.

Kijana, hayo mapengo usipande pingili moja kwa moja tena, zitakuwa nyuma ya wenzake miezi miwili, zitafunikwa kivuli. Otesha macho kitaluni sasa hivi, ndani ya mwezi ujaze mapengo na miche. Mvua bado zipo mpaka Aprili, huna haja ya kubeba maji kama Asali. Nafasi katikati ya mistari weka maharage, yatakurudishia hela na kuzuia magugu. Miezi mitatu minne ya mwanzo ndiyo magugu yanakula muwa.

#62 Kijana_wa_Luiche
Asante mkuu. Vichwa vya kuotesha nipate wapi?

#63 Dada_wa_Mashine
Njoo Jumamosi. Ila uwahi kabla ya mzee. Na kuanzia sasa ni shilingi 500 mzigo, nimeshajua thamani yake.

#64 Reli_ya_Kati
Mmemharibia mzee wa watu biashara 😂

#65 Kijana_wa_Luiche
😂😂 Siwezi kumwambia mimi.

Hizo 3 nzima nimezirudishia udongo wa vidole viwili tu. Kama zitatoka nitakuja kusema.

#66 Afisa_Bila_Pikipiki
Swali la mwisho. Zile tatu zilizooza, ulizinusa?

#67 Kijana_wa_Luiche
Sikunusa. Bado zipo kwenye ndoo nje, ngoja.

#68 Kijana_wa_Luiche
Nimenusa. Mimi nasema nanasi. Mke wangu anasema ni togwa lililochacha.